Kuvuta gari ndogo nyuma ya kichwa kisicho na tela (Marekani): pa kufunga, breki, taa, sheria

kichwa_kitupu

Wakuu, habari za barabarani. Nina kichwa cha ekseli tatu chenye kitanda, nyuma springi za upepo, umeme volti 12. Leseni ni CDL (ya malori ya Marekani) daraja A, kichwa ni changu lakini kinafanya kazi chini ya kampuni. Kituo cha kazi kiko maili 400 kutoka nyumbani na tela zote zinabaki huko huko, kwa hiyo njia nzima nakwenda na kichwa kitupu. Nikiwa kule nahitaji gari ya kuzungukia, maana kwenda dukani na kichwa ni adhabu.

Nyumbani ziko mbili: Corolla ya 2010 otomatiki, na Jeep Wrangler ya 2014 milango minne, otomatiki pia. Naomba kujua ipi inafaa kuvutwa, inafungwa wapi wakati nyuma ya kichwa hakuna kitu zaidi ya sahani ya tela (ile tela inapokalia na kujifunga), breki na taa zinakwenda vipi, na askari wa mizani watasema nini.

---

Fundi Chesisi

Nguvu isikuumize kichwa. Kichwa kitupu kina paundi 17,000 hadi 20,000 na injini iliyozoea kuvuta mzigo wa jumla wa paundi 80,000. Jeep yako ina kama paundi 4,200, na shida inaanzia hapo: hutaisikia kabisa. Ipate pancha, hendibreki isahaulike imevutwa, pini ya upande mmoja ichomoke, usukani wa lori hautakuambia lolote.

Corolla kwanza. Otomatiki ile usiivute magurudumu yote manne yakiwa chini. Oili ya giaboksi inasukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa huku magurudumu ya mbele yanaviringika, vyuma vya ndani vinasagana vikavu, na kuweka nyutro hakubadilishi kitu. Ukiitaka hiyo lazima magurudumu ya mbele yapande kwenye toroli ya kuvutia. Kwa kuwa inaendeshwa na ya mbele, ya nyuma yanazunguka huru bila madhara. Gari inayoendeshwa na magurudumu yote muda wote usiipandishe kwenye toroli hiyo hata kwa maili kumi.

Jeep ndiyo yenyewe. Ina giaboksi ya pili ya kugawa nguvu, nayo ina nyutro yake, kwa hiyo magurudumu yote yanazunguka bila kugusa giaboksi kubwa. Utaratibu: simama pa tambarare, kanyaga breki, injini inawaka, giaboksi kubwa weka N, kisha ile lever ndogo ipeleke N. Sasa ihakikishe. Weka R, achia breki kwa sekunde tano, gari isisogee. Weka D, rudia. Ikisogea hata kidogo, lever ndogo haijaingia sawasawa. Ikitulia, zima injini, giaboksi kubwa weka P (ndiyo, P, na hapo ndipo wengi wanapokosea), swichi ibaki pale ambapo usukani haufungi. Hendibreki ishushwe baada ya gari kufungwa kwenye lori, siyo kabla.

Halafu kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho. Gari mbili zinazofanana jina zinaweza kutofautiana kwa mwaka mmoja tu.

Usukani ukibaki wazi kwa saa saba, swichi inakula betri. Weka swichi ya kukata betri, au uulize fyuzi zipi zinatolewa, au pitisha waya mwembamba wa chaji kutoka kwenye kichwa.

---

kichwa_kitupu

Asante mkuu. Basi ni Jeep. Sasa kufunga. Mtandaoni naona wanauza kifaa chenye kingipini (pini kama ile ya chini ya tela), kinaingia kwenye sahani kama tela, nyuma kina tufe la inchi 2. Bei nafuu na hakuna kutoboa chesisi. Kinafaa?

---

Fundi Chesisi

Angalia kwanza sahani yako inafanya kazi gani. Imetengenezwa ili tela izunguke juu yake na yenyewe iiname mbele na nyuma. Ukiweka kingipini chenye mkono wa futi nne au tano nyuma, mkono huo utayumba kushoto na kulia ukizungukia kingipini, na gari nayo inayumba kwenye tufe. Viungo viwili vinavyopinda kati ya lori na gari ni mkia wa mjusi: kwenye maili 30 hauoni kitu, kwenye maili 60 upepo wa lori linalokupita unaanzisha mtikisiko na hautulii. Vifaa vya maana vya aina hii vina kabari zinazojaza ule mdomo wa V wa sahani ili mkono usizunguke, na viungo vya kuufunga kwenye chesisi usiiname. Kisichokuwa na kabari kiache dukani.

Kufunga hasa ni mwisho wa chesisi. Chesisi mbili za kichwa zina upana wa takriban inchi 34 nje kwa nje. Unatengeneza bawa mbili za bamba la nusu inchi, moja kila upande, zinashuka chini ya chesisi, na katikati zinaunganishwa na chuma cha mraba kilichobeba bomba la kuingizia mkono wa inchi 2 au 2½. Mambo ambayo fundi wa mtaani atakosea:

Usichomelee chochote kwenye chesisi. Chuma chake kimepikwa kiwandani kiwe kigumu, na moto wa kuchomelea unakirudisha ulaini pale pale, ufa unaanzia pembeni ya mshono. Bawa na chuma cha mraba vichomelewe vyenyewe kwa vyenyewe, mezani, na mchomeleaji anayejua kazi. Kama kuna cha kuchomelea kikiwa tayari kwenye lori, ondoa waya za betri kwanza, la sivyo kompyuta za injini na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) zinakufa.

Toboa ukuta wa katikati wa chesisi tu. Ule mkunjo wa juu na wa chini usiguswe na kekee. Afadhali zaidi tumia matundu yaliyopo ya kile chuma kinachofunga mwisho wa chesisi. Bolti ziwe inchi 5/8, Grade 8, nne kwa kila upande zikipungua sana, na washa ngumu pande zote mbili. Kaza kwa spana ya kupimia kwa kipimo cha mtengenezaji wa bolti, endesha maili 50 hadi 100, kisha kaza tena. Rangi iliyo katikati ya bamba na chesisi hujibana, bolti zinalegea zenyewe, kwa hiyo ikwangue kabla ya kufunga.

Urefu kutoka ardhini ndio unaoua kazi nyingi. Juu ya chesisi ya kichwa ni kama inchi 38 hadi 40, na mahali pa kufungia kwenye Jeep ni karibu nusu ya hapo. Chuma cha kuvutia, kile kinachotoka kwenye mkono hadi mbele ya Jeep, kinatakiwa kilale sawa na ardhi. Upande wa lori ukizidi juu, usizidi inchi 3 au 4. Kikiinama sana, ukikanyaga breki gari inajaribu kuingia chini ya lori, na ukivuta inainua pua na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Wengi wanatatua kwa mkono wa kushusha wenye shingo ndefu, lakini shingo ya inchi 14 inazidisha nguvu ya kuvunja pale kwenye bomba na uwezo wake ulioandikwa unashuka. Shusha bomba lenyewe kwa kutumia bawa ndefu, mkono ubaki mfupi ulionyooka.

Na pima springi zikiwa zimejaa upepo, lori likiwa kwenye urefu wake wa kutembelea. Ukimwaga upepo nyuma inashuka inchi kadhaa, bawa zinaweza kugusa chuma cha kuvutia au bampa ya Jeep. Ukiwa umefunga gari, kitufe cha kumwaga upepo usikiguse.

---

Simba wa I-80

Mnamtisha bure. Lori tani tisa, Jeep tani mbili. Breki za nini? Minyororo miwili, taa za sumaku, twende.

---

Mlima na Mteremko

Simba, hesabu yako ingekuwa sawa kama kichwa kitupu kingekuwa kinasimama vizuri. Hakisimami vizuri. Breki na tairi zake za nyuma zimepimwa kwa ekseli zilizobeba paundi 34,000. Zikiwa nyepesi tairi zinaruka na kuteleza, ndiyo maana kichwa kitupu huchukua umbali mrefu kuliko dereva anavyotarajia. Ongeza tani mbili zinazosukuma kutoka nyuma, tena mahali ambapo kichwa ni chepesi zaidi. Kwenye lami yenye maji, breki ya injini ikiwa imewashwa, ekseli za nyuma zinaweza kuteleza na Jeep ikamalizia kukunja. Breki ya injini zima kabisa kukiwa na mvua au barafu.

Kisheria pia, majimbo mengi yanadai breki kwenye kinachovutwa kuanzia paundi 3,000, na mengine yako chini ya hapo. Jeep imevuka.

Njia mbili. Ya kwanza ni boksi linalokaa mbele ya kiti cha dereva wa Jeep na kusukuma pedali. Linahisi lori linapopunguza mwendo, halihitaji kufumua kitu. Ubaya wake kwako: kichwa kitupu kinarukaruka sana, na boksi likiwekwa wepesi mno linadhani kila kiungo cha daraja ni breki. Pedi za Jeep zinakanyagwa nusu nusu njia nzima mpaka zinatoa moshi. Punguza wepesi wake, jaribu barabara mbovu, simama baada ya maili 10 uguse rimu. Kabla ya kuliweka kanyaga pedali ya Jeep mara tano sita mpaka iwe ngumu, ili msaada wa breki uishe, maana safarini injini haitakuwa inawaka. Boksi likipimwa pedali ikiwa laini, njiani halitakuwa na nguvu ya kutosha.

Ya pili ni breki inayotumia upepo wa lori, zile zinazofungwa kwenye mabasi makubwa ya kuishi. Kwa kichwa ndiyo bora, kwa sababu Jeep inakanyagwa sawasawa na unavyokanyaga wewe.

Lakini upepo usiuchukue kwenye mpira wa bluu wa tela, ule unaobeba ishara ya breki. Ukiwa na kichwa kitupu, kitufe chekundu (cha kupeleka upepo kwenye tela) kimetoka nje na vali inayolinda kichwa imefunga njia zote mbili. Kwenye bluu hakitoki kitu hata ukanyage vipi. Ukikisukuma ndani inabidi uzibe mpira mwekundu (unaolisha tela upepo), vinginevyo upepo unaisha na kitufe kinaruka. Na hata ukiziba kuna la pili, ambalo watu hawalioni: vichwa vingi vina vali inayopunguza nguvu ya breki za nyuma kikiwa hakina tela, na inajua hakuna tela kwa sababu mpira mwekundu hauna upepo. Ukiujaza umeidanganya. Inaamini una tela nyuma, inaachia nguvu zote, na ekseli nyepesi zinafunga magurudumu mpaka ABS iingilie. Mwambie fundi wa breki achukue ishara kwenye njia ya breki za kichwa chenyewe kupitia vali iliyokuja na mfumo, ili bomba la Jeep likikatika lori lisipoteze breki zake.

Kebo ya kukatikia, ile inayopiga breki za gari ikichomoka, ifunge kwenye chesisi au kwenye bawa. Usiifunge kwenye mkono unaoingia kwenye bomba. Pini ya mkono ikitoka, mkono unaondoka na gari, kebo inaondoka nao, na hakuna kinachovutwa. Minyororo vilevile: kwenye bawa, ikipishana chini ya chuma cha kuvutia. Mnyororo wa Grade 70 wa robo inchi ni kazi ya paundi 3,150, wa 5/16 ni 4,700. Kwa Jeep chukua wa 5/16.

---

Waya Mwekundu

Taa. Soketi ya nyuma ya kichwa ni ile ya mviringo yenye pini saba: nyeupe ni athi, nyeusi taa za pembeni, njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, kahawia taa za nyuma, bluu umeme wa ABS. Kifaa cha kuvutia gari ndogo kina waya nne tu: nyeupe, kahawia, njano na kijani, na hapo njano ni indiketa ya kushoto pamoja na breki, kijani ni ya kulia pamoja na breki.

Kwa hiyo ukiunganisha rangi kwa rangi utapata indiketa na taa za nyuma, breki hakuna, na hutajua mpaka mtu akugonge. Nunua kigeuzi kinachochanganya waya tatu kuwa mbili. Kinauzwa kwa magari yenye indiketa za njano zilizotengwa na breki. Kinalishwa nyekundu, njano na kijani, kinatoa mbili.

Kwenye Jeep usiunge moja kwa moja kwenye waya za taa bila dayodi, umeme unarudi nyuma kwenye mfumo wa gari na kuwasha vitu visivyotakiwa. Rahisi kuliko yote ni kutoboa nyumba ya taa na kuweka balbu ya pili yenye waya zake, kama kuna nafasi. Taa za sumaku zinafaa kwa safari moja, ila futa vumbi pale zinapokaa, na waya zake zifungwe zisipigepige rangi.

---

Dar Volti 24

Wakuu mimi niko Dar, kichwa ni Scania. Hicho kigeuzi kitafanya kazi huku?

---

Waya Mwekundu

Hapana mkuu, malori ya huko ni volti 24. Ukiwasha taa, balbu za gari ndogo zinaungua, kigeuzi nacho kinaweza kufa. Inabidi utafute kishusha volti cha 24 kwenda 12 chenye njia nyingi, moja kwa kila waya, au utumie taa za LED zinazokubali volti 10 hadi 30 ukizifunga kwenye ubao nyuma ya gari bila kugusa umeme wa gari. Ubao ndio wangu, saa moja kazi imekwisha.

---

Mama Logibuku

Sheria kwa ufupi. Leseni yako ya A inatosha. Hata mwenye B angeruhusiwa, kwa sababu uzito ulioidhinishwa wa Jeep hauzidi paundi 10,000.

Saa: mwongozo wa FMCSA (mamlaka ya Marekani ya usalama wa malori) wa 2018 unaruhusu matumizi binafsi ya lori ukiwa umeachiwa kazi kabisa. Kwenda nyumbani kutoka kituoni kunaweza kuingia humo. Kwenda na kichwa kitupu kuchukua mzigo mwingine hakuingii, na Jeep nyuma haikugeuzi kuwa mtalii. Kampuni inaweza kuweka masharti makali kuliko serikali au kukataza kabisa, kwa hiyo kibali cha kuvuta gari kiwe cha maandishi na kikae kwenye lori.

Bima ndiyo itakayokugharimu ukipuuza. Ile ya kichwa nje ya kazi mara nyingi haikuandikiwa kuvuta kitu, na ya Jeep inaweza kudai kwamba gari ilikuwa sehemu ya lori. Waandikie wote wawili barua pepe, eleza uzito na namna ya kufunga, subiri jibu la maandishi. California mwendo wa anayevuta ni maili 55 kwa saa. Namba ya Jeep isifunikwe na turubai. Kwenye mizani ingia kama kawaida, uwe na usajili wa Jeep mkononi.

---

kichwa_kitupu

Nimewaelewa wote, na Simba pia nimemsikia. La mwisho: kurudi nyuma kwenye kituo cha mafuta?

---

Fundi Chesisi

Hairudi. Futi chache moja kwa moja, basi. Ukizidi, magurudumu ya mbele ya Jeep yanajikunja mpaka mwisho kwa sababu usukani uko wazi, gari inasukumwa upande, na chuma cha kuvutia kinapinda kabla hujajua. Chagua nafasi ya kupita moja kwa moja, au ifungue Jeep. Ikikwama kwenye kona pini hazitoki kwa mkono, kwa hiyo beba nyundo ya mpira.

Kabla ya safari ya kwanza fanya kona kali kushoto na kulia kwenye uwanja mtupu, mtu asimame nje. Anachotazama ni pembe ya bampa ya Jeep na vyuma vinavyoshika mipira ya matope ya lori. Vikikaribiana chini ya inchi sita ongeza urefu wa mkono au kata hivyo vyuma. Usiondoe mipira yenyewe, tairi nane za nyuma zinarusha mawe usawa wa kioo cha Jeep. Weka na ngao ya turubai mbele.

Funga kamera nyuma, maana kwenye vioo vya pembeni Jeep haionekani kabisa ukiwa umenyooka. Na vihisi vya upepo wa tairi kwenye magurudumu yake manne, skrini ikae kwa dereva. Tairi ya Jeep ikipasuka kwenye maili 60 utaivuta kwenye rimu mpaka ishike moto, na wa kwanza kukuambia atakuwa dereva anayekupita akipiga honi.

Maili 10 za kwanza simama. Shika kila kitovu cha gurudumu la Jeep kwa kiganja. Vyote vinne viwe na joto linalofanana. Kimoja kikikuchoma, breki ya hapo imeng'ang'ania. Vikichoma vyote, rudi kwenye boksi la pedali au angalia hendibreki. Tikisa na sehemu ya mbele ya Jeep: ncha za usukani zikiwa zimelegea, gari inayotulia ukiiendesha mwenyewe inaweza kuanza kutetema ikivutwa, kwa sababu hakuna mikono inayoshika usukani.

---

Mlima na Mteremko

Ongeza moja hapo: baada ya kila kusimama, pini zote mbili na vifungio vyake viguse kwa vidole, usiangalie tu. Kwenye maegesho ya malori kuna watu wanaochomoa pini kwa mchezo.

---

kichwa_kitupu

Nimechukua vipimo vya chesisi leo: nje kwa nje inchi 33¾, juu inchi 39, chini ya chesisi inchi 28½. Sehemu ya kufungia kwenye Jeep ni 21.

---

Fundi Chesisi

Basi katikati ya bomba iwe 21 hadi 23 kutoka ardhini, yaani bawa zishuke kama inchi 6 chini ya chesisi. Hapo mkono unaingia umenyooka bila shingo. Weka na bamba la pembetatu kati ya bawa na chuma cha mraba, pande zote mbili, kuzuia kupinda kushoto na kulia. Tuma picha kabla hujapaka rangi.